Betri Mpya Imekufa Tena: Umeme Unapotelea Wapi Ukishafunga Redio, Alamu na Taa za Ziada?

Gari lililolala zima jana linakataa kuwaka leo. Mwenye gari anamlaumu muuza betri kwamba kamuuzia feki. Muuza betri anasema tatizo ni alteneta. Fundi wa alteneta anaipima, anaikuta iko sawa, anamrudisha mteja kwa yule aliyefunga redio. Wa redio naye anaapa kwamba kazi yake haina kasoro, labda ile GPS ya kufuatilia gari iliyofungwa na waliotoa mkopo wa gari. Katika mzunguko huo mtu ananunua betri ya pili, wakati mwingine ya tatu, na hakuna hata mmoja aliyepima umeme unaotoka kwenye betri gari likiwa limezimwa.

Hilo ndilo linaloniuma katika habari hizi. Umeme wa gari unapimika. Mita ndogo ya umeme, ile ya kidijiti yenye waya mwekundu na mweusi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, inatosha kumaliza ubishi wote huo. Katika magari yanayosumbua baada ya kufungwa vifaa vya ziada, kifaa chenyewe mara nyingi ni kizima. Kasoro iko kwenye namna kilivyolishwa: umeme wake umechukuliwa wapi, umepita kwenye fyuzi gani, na unarudi kwenye betri kwa njia ipi.

Tuanze na maneno machache ambayo watu huyachanganya. Fikiria tenki la maji lililowekwa juu ya mnara nyumbani. Msukumo wa maji yanayoshuka kutoka juu ndio volti. Kiasi cha maji kinachopita kwenye bomba kwa wakati mmoja ndicho ampea. Ukubwa wa tenki ndio ile namba iliyoandikwa kwenye betri kwa saa za ampea, yaani Ah. Betri ya NS60, inayofungwa kwenye magari mengi madogo, ina takribani 45 Ah. Kwa hesabu ya juu juu, inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 45 mpaka ikauke kabisa. Alteneta ndiyo pampu inayojaza tenki injini inapozunguka. Bomba linalodondosha usiku kucha halisikiki, lakini asubuhi maji hayapo. Wati ni volti ukizidisha kwa ampea, kwa hiyo taa ya wati 55 kwenye umeme wa volti 12 inavuta ampea nne na nusu hivi.

Sasa hesabu itakayokusaidia maisha yako yote ya kumiliki gari. Hakuna gari la kisasa lisilokula umeme kabisa likiwa limezimwa. Saa inatembea, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu zake, alamu inasikiliza rimoti. Kwa gari zima, ulaji huo huwa chini ya miliampea 50, yaani 0.05 ya ampea. Gari linalokula 0.03 linatumia chini ya 1 Ah kwa siku, kwa hiyo linaweza kukaa wiki kadhaa na bado likawaka. Lakini kifaa kimoja kikifungwa vibaya kikawa kinavuta nusu ampea, hizo ni 12 Ah kwa siku. Siku mbili tu, zaidi ya nusu ya betri yetu ya 45 Ah imekwenda, na stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inahitaji nguvu kubwa kuliko kitu kingine chochote garini. Betri ikishakuwa na umri, hata usiku mmoja unatosha. Ndiyo maana mtu anayeendesha kila siku anaweza asijue kwamba ana tatizo mpaka Jumatatu moja, baada ya gari kupumzika mwisho wa juma, lijibu "tik" halafu kimya.

Kabla ya kumshuku yeyote, pima betri yenyewe. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa bila kuwashwa, weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, na uguse vichwa vyote viwili. Ukipata 12.6 au 12.7, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ukiona 12.0 au chini yake betri hiyo iko karibu kukauka. Kisha washa injini upime tena. Alteneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa namba haipandi kabisa injini ikiwa inaunguruma, hapo una haki ya kumtafuta fundi wa alteneta. Angalizo moja: baadhi ya magari mapya huamuru alteneta ipumzike betri ikishajaa, hivyo unaweza kukuta 12.8 na gari halina ugonjwa wowote. Washa taa kubwa na feni ya kiyoyozi, uone kama namba itapanda.

Hapa lazima niseme jambo kwa ukali kidogo. Ule mtindo wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, eti "kama haizimi basi alteneta ni nzima", uachwe kabisa. Zamani, kwenye gari lisilo na kompyuta, ungeweza kuponea. Leo alteneta ikipoteza betri ghafla hurusha volti za juu mno kwa muda mfupi, na zikiingia kwenye kompyuta ya injini au kwenye redio yako mpya, umeunguza kitu cha bei kubwa ili kupima kitu ambacho mita ingekipima kwa sekunde tano. Ukimwona fundi anashika spana kuelekea betri na gari linaunguruma, mwombe asubiri.

Tuje kwenye redio, kwa sababu huko ndiko kesi nyingi huanzia. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza. Redio za huko zimetengenezwa kwa masafa ya FM ya kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani inakamata kipande kidogo tu cha mwisho. Juu ya hapo, redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga betri ikitolewa na kudai namba ya siri ambayo mwenye gari hana. Matokeo yake, karibu kila gari lililotoka bandarini linafunguliwa dashibodi mapema, na redio nyingine inaingia.

Redio za kununua dukani zina nyaya zenye rangi zinazofahamika. Wa njano unatakiwa kupata umeme muda wote, hata gari likizimwa, ili redio itunze saa na stesheni zako. Mwekundu unatakiwa kupata umeme pale tu ufunguo unapofika kwenye ACC, ile hatua ya ufunguo inayowasha redio kabla ya injini. Ndio unaoiambia redio kwamba mwenyewe yupo, amka. Mweusi ni ethi, njia ya kurudia kwenye betri kupitia bodi la gari. Wa buluu ni ishara inayokwenda kuamsha amplifaya au antena.

Fundi mwenye haraka, akishindwa kuupata waya wa ACC nyuma ya dashibodi, huuchukua mwekundu na wa njano akavifunga pamoja kwenye umeme wa moja kwa moja. Redio inawaka vizuri, mteja anafurahi, pesa inalipwa. Lakini redio hiyo haipati kamwe taarifa kwamba ufunguo umetolewa. Unaizima kwa kitufe, skrini inakuwa nyeusi, ndani yake bado iko macho. Na kama kuna amplifaya kwenye buti, ule waya wa buluu huenda nao unaendelea kuiamsha usiku kucha bila muziki wowote. Amplifaya kubwa isiyopiga chochote inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea. Iguse asubuhi kabla hujawasha gari. Ikiwa na vuguvugu, umempata mwizi wako.

Kosa la kinyume halili betri, ila linaudhi. Nyaya zote mbili zikiwekwa kwenye ACC, redio inasahau saa, stesheni na simu zilizounganishwa kila unapozima gari. Watu huirudisha dukani wakisema ni mbovu. Hata redio ambayo haina kosa lolote la mkono inaweza kufanya hivyo, kwa kuwa katika baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, nafasi za umeme wa kudumu na wa ACC kwenye plagi zimebadilishana na zile za redio. Kupima ni rahisi: toa ufunguo, gusa kila waya kwa mita, uone upi bado una volti 12. Mmoja tu ndio uwe nazo.

Sasa tufanye lile zoezi lenyewe la kumtafuta anayekula betri usiku. Fungua boneti, kisha funga milango yote. Mlango ambao unahitaji ubaki wazi, sukuma komeo lake kwa bisibisi mpaka lijifunge, ili gari liamini kwamba mlango umefungwa. Usisahau kulifungua kabla ya kuupiga mlango. Kama gari lako linatumia ufunguo wa kubonyeza kitufe, upeleke mbali, hata ndani ya nyumba. Kisha subiri nusu saa. Kompyuta za gari hazilali papo hapo, na wanaopima bila kusubiri huona ampea mbili au tatu wakapiga kelele kwamba wamepata tatizo, kumbe gari lilikuwa bado halijasinzia.

Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10. Legeza kichwa cha hasi cha betri, ukitoe, kisha uweke mita katikati: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye kebo uliyoitoa. Umeme wote wa gari sasa unapita ndani ya mita. Kwa hiyo usijaribu kuwasha gari wala taa kubwa, la sivyo utaiunguza fyuzi ya mita. Kukata na kuunganisha kunaweza kuziamsha tena kompyuta, hivyo ipe mita muda itulie. Tuseme inatulia kwenye 0.48. Hiyo ni mara kumi ya kiwango cha kawaida. Anza kuchomoa fyuzi moja moja huku mwenzako akiangalia mita. Ya taa za ndani: bado 0.48. Ya pampu: bado. Ya redio: inashuka ghafla hadi 0.03. Ubishi umekwisha, na hujanunua chochote.

Kuna wakati utachomoa fyuzi zote na namba isitingishike. Wengi hukata tamaa hapo, na kumbe ndipo jibu lilipo karibu zaidi. Vifaa vingi vya ziada havipiti kabisa kwenye boksi la fyuzi la gari. Vimeungwa moja kwa moja kwenye betri. Angalia kichwa cha chanya. Kwenye gari lenye historia ndefu ya mafundi utakuta nati moja imebana vijiwaya vinne au vitano: mmoja mnene wa amplifaya, mmoja wa taa za spoti, mmoja wa king'ora, na mmoja mwembamba mweusi ambao hakuna anayekumbuka unakwenda wapi. Vingine vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, na joto la injini limeyeyusha gundi mpaka tepu inaning'inia na shaba inaonekana, imeota ukijani. Toa kimoja kimoja ukiangalia mita. Ukiona vyote ni safi na umeme bado unavuja, toa kebo nene ya alteneta; diodi za ndani yake, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zikiharibika, alteneta iliyokuwa inajaza betri mchana huanza kuinyonya usiku.

Wenye mita ya kubana hawana haja ya kufungua betri, wanabana kebo tu na kusoma. Hakikisha ni ile inayosoma umeme wa DC. Zile za mafundi wa majumbani nyingi husoma AC, yaani umeme wa nyumbani, peke yake, na zitakuonyesha sifuri hata betri ikiwa inamwagika.

Vipi kuhusu GPS inayolaumiwa kila mahali? Kifaa chenyewe hula kidogo, makumi machache ya miliampea kikiwa macho na chini ya hapo kikilala. Ila vingi hufungwa pamoja na rilei ya kuzimia gari kwa mbali. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Koili yake huvuta kama 0.15 ya ampea kwa muda wote inaposhikiliwa. Ikifungwa sawasawa, haivuti chochote mpaka amri ya kuzima gari itolewe. Ikifungwa kinyume, inashikiliwa usiku na mchana: karibu 4 Ah kila siku. Gari linaloendeshwa kila siku halitaonyesha dalili. Lile lililoachwa uwanja wa ndege kwa juma moja halitawaka. Na rilei hiyo hiyo, ikiwa ni ya bei ya chini na imekata waya wa pampu ya mafuta, inaweza kuzima gari barabarani pasipo amri ya mtu yeyote, halafu liwake tena dakika tano baadaye kana kwamba hakuna kilichotokea. Gari linalozima hivyo, tafuta rilei ya GPS kwanza kabla hujabadilisha pampu. Lakini kama kifaa ni cha mwenye mkopo, au basi lako la abiria lina kile cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini ya Tanzania, kazi ya kukigusa ni ya aliyekifunga. Wewe peleka ushahidi wa mita.

Taa za ziada zina hatari ya aina nyingine, ambayo ni moto. Taa mbili za spoti za wati 55 ni wati 110, sawa na ampea tisa na kitu. Swichi ndogo ya dashibodi na waya mwembamba uliochovywa kwenye waya wa taa ya mbele havikutengenezwa kubeba mzigo huo. Waya unapata joto, ganda linalainika, linagusa bodi, linapiga shoti. Fyuzi ingetakiwa kukata hapo. Na hapa ndipo imani potofu mbaya kuliko zote inapoingia: fyuzi ya 10 ikiungua mara mbili, mtu anaweka ya 20, ya 20 ikiungua, anaweka ya 30, ikishindikana, anazungushia karatasi ya sigara. Anadhani fyuzi ni dhaifu. Fyuzi iliwekwa kuulinda waya, na ukubwa wake unafuata unene wa waya. Ukiweka ya 30 kwenye waya wa kubeba ampea 10, kitu cha kwanza kukatika hakitakuwa fyuzi tena. Waya wenyewe utageuka fyuzi, ndani ya dashibodi, katikati ya zulia na plastiki. Fyuzi bapa zina rangi zake: nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Fungua kifuniko cha boksi leo, linganisha rangi na namba zilizochapwa kwenye kifuniko. Ukikuta kijani mahali palipoandikwa 10, kuna mtu alikwepa kutafuta shoti.

Ufungaji sahihi wa taa hizo haubadiliki popote: waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri na wala si mita mbili mbele, kisha rilei, kisha taa. Swichi ya dashibodi inaiamrisha rilei tu. Nyuma ya rilei kuna namba, na ni zilezile karibu kwa kila mtengenezaji: 30 umeme unaingia kutoka betri, 87 unatoka kwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za koili. Anayekwambia rilei ni kujaza vitu tu garini, muulize waya wake una unene gani. Na uangalie waya wenyewe. Siku hizi sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba. Zina ganda nono linalopendeza, ndani nyuzi ni chache na zinabeba umeme pungufu kuliko shaba halisi. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukibadilika kuwa mweupe, hiyo ni alumini.

Ethi ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Watu huamini kwamba chuma chochote cha gari ni ethi, hivyo fundi anachomeka skrubu kwenye kona ya kwanza anayoiona, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Skrubu itagusa chuma kidogo kwenye meno yake, kifaa kitawaka, na baada ya mvua mbili tatu kutu inaingia. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa ya chumvi inaifanya kazi hiyo haraka zaidi. Kisha unaanza kuona mambo ya ajabu: ukikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka kwa mbali, ukiongeza sauti ya muziki, taa zinafifia, redio inalia "nyiii" inayopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Umeme uliokosa njia nzuri ya kurudi unatafuta njia nyingine, na mara nyingi hupitia kwenye kifaa cha jirani.

Kuijua ethi mbovu hakuhitaji kubahatisha. Washa kifaa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa kifaa chenyewe. Ukisoma chini ya 0.2, ethi ni nzuri. Ukikuta volti moja nzima imepotelea hapo, legeza skrubu, parua rangi mpaka chuma king'ae, kaza tena, paka grisi juu kuzuia maji. Kwenye magari yenye kijiboksi kidogo kilichobanwa kwenye kichwa cha hasi cha betri, usiifunge ethi ya kifaa kwenye kichwa hicho. Ipeleke kwenye bodi. Kijiboksi hicho kinahesabu umeme unaoingia na kutoka, na ukikikwepa gari litakosea hesabu ya chaji.

Indiketa zinazopepesa haraka haraka baada ya kuwekewa balbu za LED hazina shoti. Balbu ya zamani ni wati 21, ya LED ni wati chache tu, na kifaa cha kupepesa kinapoona umeme mdogo hivyo kinadhani balbu imeungua. Tafuta kile kinachotambua LED. Wengine huongeza rezista, kifaa kidogo cha kuvuta umeme kama balbu ya zamani. Hufanya kazi, lakini hupata joto kali, kwa hiyo isikae kwenye plastiki. Na kama redio inakoroma kila unapowasha taa za mbele za LED, kosa ni la taa, kwa vile zile za bei ya chini hutoa mawimbi yanayoingilia FM.

Wenye malori, na wenye Coaster za umeme wa volti 24, wana ugonjwa wao wa peke yao. Gari lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Redio ni ya volti 12, kwa hiyo fundi anachukua umeme kwenye betri moja tu. Redio inapiga vizuri kabisa. Lakini betri hiyo inatumika zaidi ya mwenzake, na alteneta haijui; inapeleka volti 28 kwa zote mbili kwa pamoja. Iliyotumika haijai kamwe, isiyotumika inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka na kuisha. Baada ya miezi mwenye lori ananunua betri moja mpya, anaiweka kando ya kongwe, na tatizo linarudi. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili. Bei yake ni ndogo kuliko betri moja ya lori.

Kwa anayetaka kuchaji laptopu njiani kwa inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani: tundu la kuwashia sigara kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15. Hiyo ni wati 120 hadi 180. Inveta iliyoandikwa wati 300 haitafika huko kupitia tundu hilo hata ukiomba.

Kuna nyaya ambazo mtu wa kawaida, na hata fundi wa redio, hatakiwi kuzigusa. Plagi na maganda ya njano chini ya usukani na chini ya viti ni ya mifuko ya hewa. Usichomeke taa ya kupimia humo, inaweza kuilipua. Kwenye Aqua, Prius na mahaibridi mengine, yaani magari yenye injini na mota ya umeme, nyaya nene za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa juu: betri kubwa ya Prius ina volti zaidi ya 200, na ya Aqua za kizazi cha kwanza 144. Betri ndogo ya volti 12 ya magari hayo mara nyingi huwa nyuma, kwenye buti au chini ya kiti, nayo ndiyo inayoweza kuishiwa kwa sababu ya redio au alamu, gari zima likakataa kuwaka hata kama ile kubwa imejaa. Wengi wameambiwa betri ya haibridi imekufa, wakati kilichohitajika kilikuwa kupima hii ndogo.

Ukimpelekea fundi gari lako kufunga chochote, mwambie mapema kwamba kabla ya kulipa mtapima pamoja umeme unaotoka gari likiwa limelala, na kwamba unataka kuona fyuzi ya kifaa kipya ilipo na ethi imekazwa wapi. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia. Atakuonyesha kwa fahari. Zipige picha sehemu hizo kwa simu kabla dashibodi haijarudishwa, uzihifadhi pamoja na namba mliyoisoma kwenye mita siku hiyo.